Risasi za Sauti ya Chini

Ruwais, Jeddah
Ijumaa mchana

Wakio mwanangu,

Habari za sanduku, blanketi na vyeti vyako nimemwachia nyanya yako, maana hata nikisema mara kumi yeye ndiye atakayelifunga lile sanduku na kulifungua tena. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka tangu asubuhi. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nimepanda juu ya paa kuzianika, nikashuka, nikapanda tena kuzigeuza, na jua la huku halihitaji mtu wa kuligeuzia nguo. Halima, ninayeishi naye chumba kimoja, ameniuliza kama nina homa. Nimemwambia ndiyo, ili aniache.

Kesho alfajiri unatoka Wundanyi. Keshokutwa, Mungu akipenda, utashuka Eldoret, na mtu wa kukupokea ni Wekesa. Unamjua kwa sauti yake kwenye simu kila Krismasi, na kwa maneno yangu kwamba tulifanya kazi pamoja Riyadh na kwamba ni mtu mwema. Hayo yote ni kweli. Utalala nyumbani kwake mpaka chuo kikupe chumba, utakula chakula cha mke wake, Nafula. Na atakaponyosha mikono kupokea mizigo yako, utaona kwamba mkono wake wa kushoto una vidole vitatu.

Hata usipomuuliza atakueleza, kwa sababu si mtu wa kuficha. Atakuambia ilikuwa ajali ya bunduki na kwamba kosa lilikuwa lake. Sitaki uyasikie hayo ukayaamini. Kosa lilikuwa langu, na kwa miaka minane nimemwacha yeye alibebe.

Naandika kwa kalamu, halafu nitapiga picha kurasa hizi nikutumie jioni. Kwa simu nitalia, nawe utaanza kunibembeleza, na mtu anayebembelezwa hamalizi kusema.

Nilipokwenda Riyadh ulikuwa na miaka saba. Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa ya wazee wawili. Mume nilimwita Baba, kama tunavyowaita waajiri huku, na mke nikamwita Madam. Baba alikuwa mhandisi wa maji aliyestaafu, mrefu, asiye na maneno mengi, mwenye mazoea ya kuandika kila kitu kwenye daftari, hata siku aliyobadilisha betri ya saa ya ukutani. Madam alikuwa amepatwa na kiharusi mwaka mmoja kabla sijafika. Mguu ulirudi, maneno yakarudi nusu, lakini masikio yake yalibaki mepesi mno. Mlango ukijibamiza kwa upepo, analia. Kisha anaona haya kwa kulia, na ile haya ilimtesa kuliko kelele yenyewe.

Walikuwa na shamba nje ya mji, lenye mitende, mbuzi, kisima, na mlinzi mmoja Mkenya kutoka Bungoma. Huyo ndiye Wekesa. Zamani, kila Ijumaa, Baba na Madam walikwenda huko wawili. Yeye alilenga shabaha kwa bunduki zake za kuwindia, ambazo alikuwa na vibali vyake, naye Madam alikaa kando na birika la chai akimtania kila alipokosa. Baada ya kiharusi walijaribu mara moja. Mlio wa kwanza tu, Madam akaanguka kutoka kwenye kiti. Baba alizifungia bunduki kabatini, na Ijumaa zikawa siku za wazee wawili kuangalia televisheni iliyopunguzwa sauti.

Siku moja nikamkuta uani amewasha jiko la gesi, juu yake chungu cha chuma, na ndani ya chungu vile vipande vizito vinavyobandikwa kwenye magurudumu ya gari ili yasitikisike. Alivipata kwa fundi wa matairi. Alikuwa akiyeyusha risasi. Nikamweleza kwamba kwa Kiswahili madini yale na kile kinachotoka kwenye bunduki tunaviita jina moja, akacheka, akasema basi wazee wetu walijua kufupisha mambo.

Alinieleza mpango wake kwa Kiarabu chake cha polepole, akinichorea kwenye karatasi. Risasi ya dukani hukimbia kuliko sauti yenyewe, ndiyo maana huipasua hewa ikalia vile. Ukiipunguzia baruti ikaenda polepole, unabaki na mlio mdogo, kama wa mtu aliyefunga kitabu kinene. Lakini risasi ya dukani imevikwa shaba, ni ngumu, na kwa mwendo mdogo inaweza kukwama njiani. Inatakiwa laini, uimimine mwenyewe kwenye kalibu. Na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Aliwahi kuniona nikitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Akauliza kama ningependa kumsaidia. Hakusema saidia. Alisema ukipenda.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu, Wakio. Niliipenda kazi ile. Miaka yote nilikuwa mtu wa kuambiwa sugua hapa, toa kile, yalla, haraka, halas, basi. Pale uani nilivaa glavu na kitambaa cha pua, Baba akinikataza kula chochote kabla sijanawa mara mbili, na nikamimina risasi moja moja, nikaziona zikigeuka kutoka maji yanayong'aa hadi kitu kizito cha kijivu mkononi. Zenye mikunjo nilizirudisha chunguni. Baba akaninunulia daftari langu mwenyewe. Ijumaa jioni tulikaa mezani, daftari lake na langu, akaniuliza, "Wewe unaonaje?" Sikumbuki kama kuna mtu mwingine huku aliyewahi kuniuliza hivyo.

Haikuwa rahisi. Za kwanza zilianguka mchangani kabla ya kufika kwenye shabaha. Nyingine zilifika lakini zilipiga kelele vilevile. Nyingine zilipaka madini ndani ya mtutu, Wekesa akasugua nusu siku. Yeye ndiye aliyesafisha bunduki na kupanga makopo matupu ya nyanya juu ya ukuta wa udongo. Alisugua huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na akimaliza alikuwa na desturi moja: akitoa kile kitambaa cha kusafishia ndani ya mtutu, alikikung'uta mara mbili na kukianika kwenye bomba la kisima. Kila mara. Kikumbuke kitambaa hicho.

Kisha ikaja Ijumaa tuliyoipata. Tulimleta Madam, tukamketisha mbali kidogo, nami nikasimama nyuma yake na mikono tayari kumshika. Baba akapiga. Kopo likaanguka. Madam alikuwa na kikombe mdomoni. Akageuka taratibu akauliza, "Umeshapiga?"

Baba aliilaza bunduki mkekani, akaenda kukaa karibu naye, na siku hiyo hakupiga tena.

Baada ya hapo tulikwenda kila Ijumaa. Nilikaa uani kila Alhamisi nikitengeneza za kesho yake.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka kusimama niende tena kuangalia zile nguo. Baruti ya risasi za namna ile ni kidogo sana. Inakaa chini kabisa ya ganda, gizani, na ganda lenye baruti na ganda tupu hufanana ukiyatazama juu juu. Kwa hiyo Baba alikuwa na sheria. Maganda yote yasimamishwe kwenye ubao wenye matundu, baruti itiwe moja baada ya moja, na kabla ya kuziba hata moja, uchukue kurunzi umulike ndani ya kila ganda. Kila moja. Kwa sababu kitako cha ganda kina fataki ndogo inayowasha baruti, na hata baruti isipokuwamo, fataki peke yake ina nguvu ya kuisukuma risasi mpaka katikati ya mtutu na kuiacha imekwama humo. Ya pili ikipigwa nyuma yake, haina pa kupita. Alinifundisha hayo mara tatu. Na akaongeza: mlio ukiwa wa ajabu, simama, fungua, tazama ndani ya mtutu. Usione haya kusimama.

Alhamisi ile tulikuwa na wageni, kazi ya uani ikalala hadi Ijumaa asubuhi. Nilikuwa katikati ya kutia baruti wakati mjomba wako Mwadime aliponipigia. Alikuwa dukani Voi, akiuliza anunue mabati ya nyumba yetu ya rangi gani, mekundu au ya buluu. Tulibishana, Wakio. Yeye alitaka buluu kwa sababu jirani ameweka buluu. Nilitoka uani nikaenda barazani ili nibishane vizuri. Niliporudi nikatazama ule ubao, nikajiambia nilikuwa nimefika hapa. Nikaendelea kutoka hapo.

Baba akaita kutoka mlangoni. Gari lilikuwa tayari, na Madam ameshaketi ndani, naye akisubiri sana huanza kuhangaika. Kurunzi ilikuwa kwenye droo. Sikuhitaji hata kuinuka kuifikia. Nikaziziba zote bila kumulika, nikazitia kwenye sanduku, nikanawa mikono.

Shambani Baba alipiga mbili, nzuri, kisha Wekesa akausafisha mtutu kama kawaida yake. Ya tatu ikatoa mlio kama mtu aliyetema mbegu ya tikiti. Hakuna kopo lililoanguka, hakuna vumbi lililoruka ukutani. Baba akatabasamu akasema hiyo ndiyo ya chini kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Madam akacheka. Alicheka kweli, kwa sauti, nasi hatukuwa tumemsikia akicheka hivyo kwa wiki nyingi, na nadhani Baba, aliyeitunga ile sheria mwenyewe, aliisahau kwa sababu ya kicheko kile.

Mimi sikuisahau. Nilikuwa nikimimina chai kutoka kwenye chupa, nikaacha papo hapo. Nilijua ni ganda gani na nilijua ni kwa nini.

Baba alisema macho yake yamechoka, akampa Wekesa bunduki. Wekesa akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea kwa heshima kama alivyopokea kila kitu, akavuta komeo, ganda tupu likaruka, akaingiza nyingine. Nilikuwa na muda. Nimehesabu muda ule mara nyingi mno, ulinitosha kusema neno ngoja hata mara kumi. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Baba, nikuongezee chai?"

Nimejiuliza tangu siku hiyo niliogopa nini. Hakuna aliyekuwa amewahi kunipiga katika nyumba ile. Niliogopa kwamba nikisema simameni wataniuliza nimejuaje, nami nitalazimika kusema sikumulika, na Ijumaa ijayo mezani patakuwa na daftari moja badala ya mawili. Basi. Niliogopa kuacha kuwa yule mwanamke makini. Wekesa alikuwa hatua nne kutoka kwangu.

Mtutu ulipasuka. Sitakueleza sauti, wala alivyolia Madam. Nilimfunga Wekesa mkono kwa mtandio wangu, na njia nzima hadi hospitali nilimkamata kiganja huku dereva akikimbiza gari, na Wekesa aliendelea kuniuliza jambo moja: Madam hajambo? Amenyamaza?

Jioni ile alikuja Fahad, kijana wao mkubwa, aliyekuwa akiupinga mchezo ule tangu mwanzo. Akasimama jikoni akaniuliza nani aliyesafisha bunduki. Nikamjibu, "Wekesa." Ilikuwa kweli. Akasema basi ameacha kitambaa ndani. Nikaendelea kuosha vikombe.

Siku ya tatu Baba aliniita uani. Alikuwa amezipima kwenye mizani risasi zote zilizobaki sandukuni, peke yake, na mikono ile inayotetemeka. Zote zilikuwa sawa. Akanitazama usoni, akaniuliza polepole kama siku ile nilisimamisha kazi katikati. Yaani alinifungulia mlango. Nikasema, "La, Baba." Akaniuliza kama nilimulika. Nikasema, "Nilimulika." Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akasema basi ni kitambaa, akaifunga mizani kwenye kiboksi chake. Sikuiona tena. Wiki iliyofuata Fahad alimwandalia Wekesa karatasi za kurudishwa Kenya kabisa.

Kabla hajasafiri alikuwa akilala kwa rafiki zake madereva, mtaa wa Al-Shumaisi, chumba cha watu sita. Nilimpelekea chakula. Alikuwa amekaa kitandani na mkono uliofungwa umelazwa juu ya mto, na aliponiona akaanza kuniomba msamaha. Eti kwa kunitisha. Eti kwa kumwaga damu kwenye mtandio wangu.

Kisha akasema, "Mama Wakio, mimi nakumbuka nikikitoa kile kitambaa. Nakiona kabisa. Lakini labda ninachokiona ni cha Ijumaa nyingine."

Nilikaa pale na sufuria magotini. Nilikuwa nimemwona akikitoa. Nilimwona akikikung'uta mara mbili na kukianika kwenye bomba, asubuhi ileile, nikipita na mkeka wa Madam. Nikamwambia ale kabla hakijapoa.

Vidole viwili ni vidole viwili, na mtu huzoea. Nafula aliwahi kuniambia kwa simu, akicheka kidogo, kwamba Wekesa siku hizi akifunga duka hurudi mara tatu kutikisa kufuli. Akizima jiko, anamwita mtoto aje athibitishe kwamba limezimika. Amekuwa hivyo kwa sababu yangu. Nilimnyang'anya kitu ambacho hakuna daktari aliyekifunga bendeji, nikakaa kimya nacho.

Uliwahi kuniuliza kwa nini niliondoka Riyadh kwenye nyumba ya watu wema, nikakujibu kwamba nilitaka hewa ya bahari. Niliondoka kwa sababu Baba aliendelea kuniamini. Alinisaidia kuhamisha kafala, yaani udhamini wangu wa kazi, kwa mwajiri mwingine, akaniandikia barua ya sifa kwa mkono wake. Kwa barua ile nilipata kazi hapa Jeddah, ofisi moja ya kushughulikia mizigo karibu na bandari, kwanza kupika chai na kusafisha, baadaye wakaanza kunipa orodha za makontena nilinganishe namba. Nalinganisha kila namba mara tatu. Msimamizi hunicheka, halas Mghoi, yatosha. Mbele ya wageni husema huyu mama hakosei. Kila akisema hivyo, natafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Madam alifariki, kisha Baba, mwaka juzi. Fahad ndiye aliyenijulisha. Baba amekwenda akiamini ni kitambaa, na hilo siwezi kulirekebisha tena. Nililia siku ile, Halima akadhani namlilia mwajiri mwema. Kidogo ilikuwa kweli.

Wewe unakwenda kusomea dawa. Sitakuambia uwe makini, walimu watakuambia mpaka uchoke, na tena mimi nilikuwa makini. Muulize yeyote. Umakini wangu ulikuwa na tundu moja: sikuweza kusema nimekosea mbele ya mtu aliyenisifu. Siku utakayohisi umeruka kipimo, na utahisi, kwa sababu mwili huwa unajua kabla ya kichwa, mwaga chupa nzima uanze upya, hata kama foleni imefika mlangoni na mkubwa wako amesimama nyuma yako akitabasamu. Watakucheka siku moja. Mimi ningechekwa siku moja, tena na watu walionipenda.

Hapa niliiweka kalamu chini, na naishika tena sasa saa kumi na moja na nusu. Nitakueleza nilichofanya.

Nilipofika kwenye yale maneno ya kumwaga chupa, niliona ninakuagiza kitu ambacho mimi sijakifanya. Nilikuwa nakutuma ulale chini ya paa la mtu yule, umebeba siri yangu mfukoni, umwangalie machoni kila asubuhi. Miezi miwili mizima, tangu alipojitolea kukupokea, nimekuwa nikisema nitampigia kesho. Nikapanda juu ya paa. Nguo zilikuwa zimekauka hadi zimekuwa ngumu. Nikampigia.

Alikuwa dukani, lile duka lake la chakula cha kuku. Alipokea kwa furaha, akaniuliza kama umeshafunga sanduku. Nikamwambia, Wekesa, nisikilize mpaka mwisho, usinikatize. Nikamweleza. Mabati, ubao, kurunzi, mlio, chai. Nikamweleza nilivyomjibu Fahad na nilivyomjibu Baba. Nilimsikia akimwambia mteja asubiri nje.

Akauliza, "Kitambaa nilikitoa?"

Nikasema, "Ulikitoa. Nilikuona ukikianika kwenye bomba."

"Siku ileile?"

"Siku ileile, Wekesa. Asubuhi."

Nikamsikia akiiweka simu mahali bila kuikata. Akaita, "Nafula, njoo. Njoo kwanza." Kisha sauti yake kwa mbali, akirudia, "Nilikitoa. Anasema nilikitoa, aliniona." Nafula akauliza nani anasema, akajibu, Mama Wakio. Halafu wakaanza kuongea Kibukusu na sikuelewa tena, ila nilisikia sauti ya Nafula ikipanda, na yake ikipanda juu ya ile ya Nafula, na simu ikakatwa.

Nilikaa juu ya paa na nguo mapajani. Niliwaza kukupigia nikuambie usiende, nikakumbuka huna mwingine Eldoret. Nikazikunja nguo zote, nikazikunja upya. Saa nzima. Halafu ukaingia ujumbe wake, nakuandikia kama ulivyo:

"Mtoto aje, yeye hajatukosea. Nitakuwa stendi. Wewe usinipigie. Siku nikitaka nitakupigia mimi. Basi linafika saa ngapi?"

Nimemjibu saa. Sijaongeza neno.

Kwa hiyo nenda. Ukifika msalimu, mpe heshima yake, na usijifanye hujui. Mwambie mama ameniandikia yote. Usimwombee msamaha kwa niaba yangu, kazi hiyo ni yangu naye amesema ningoje. Nafula anaweza kukununia siku za mwanzo. Mvumilie. Mwanamke huyo amevumilia mambo ya kufuli na jiko kwa miaka minane bila kujua kwa nini. Na mezani wakinisema, hata wakisema maneno mazito, wewe usinitetee. Wasikilize, na chakula usiache.

Ni mimi mama yako,
Mghoi